Sahara Magharibi kwenye ukurasa mmoja: kuchora ramani yake na kupanga takwimu zake bila kuzichanganya

Mwalimu wa jiografia, mwandishi wa habari au mhariri akiombwa ukurasa mmoja kuhusu Sahara Magharibi, kwa kawaida huanza na lile jedwali la kawaida: ukubwa wa eneo, idadi ya watu, mji mkuu, sarafu, pato la mwaka. Hapo ndipo mambo huharibika. Jedwali hilo limetengenezwa kwa ajili ya nchi yenye serikali moja, mpaka mmoja na ofisi moja ya takwimu. Sahara Magharibi inadaiwa na pande mbili, Moroko na Polisario (chama cha Wasahrawi, wenyeji wa eneo, kinachopigania uhuru), inakatwa katikati na tuta la mchanga, na sehemu kubwa ya Wasahrawi wenyewe wanaishi nje ya mipaka yake, kwenye kambi za wakimbizi Aljeria.

Kwa hiyo kila namba utakayoikuta iulize maswali matatu kabla ya kuiandika: inahusu ardhi ipi, imehesabiwa na nani, na ni ya mwaka gani. Isiyojibu yote matatu iache. Njia nyepesi ya kuyazoea maswali hayo ni kuanza na ramani, maana ukishaichora kwa mkono wako utaona mwenyewe kwa nini takwimu hazilingani.

Mpaka

Unahitaji karatasi moja ya grafu ya A4, rula, penseli na kalamu za rangi tatu. Laza karatasi kwa upana. Tumia skeli ya 1:5,000,000, yaani sentimita 1 kwa kilomita 50. Kwa skeli hiyo nyuzi moja ya latitudo ni sentimita 2.2. Nyuzi moja ya longitudo, ukipima katikati ya eneo hili kwenye latitudo ya 24, ni sentimita 2. Ukizifanya zote mbili ziwe 2.2, nchi itanenepa.

Mpaka wa nchi kavu ni rahisi kuchora kwa sababu uliamuliwa mezani, kwa mikataba ya Ufaransa na Hispania ya 1900, 1904 na 1912. Karibu wote ni mistari ya rula.

Anzia pwani, kwenye latitudo 27°40′ kaskazini na longitudo takriban 13°10′ magharibi. Piga mstari mnyoofu kuelekea mashariki hadi 8°40′. Huo ni mpaka na Moroko, sentimita 9 kwenye karatasi, na urefu wake halisi ni kilomita 444 hivi. Kutoka hapo teremka moja kwa moja kusini kwa kufuata longitudo 8°40′ hadi latitudo 26°. Sehemu ya juu kabisa ya mstari huo, dakika 22 hivi za latitudo, ndiyo mpaka na Aljeria. Kila dakika ya latitudo ni kilomita 1.85, kwa hiyo mpaka huo ni kilomita 41 tu: hata sentimita moja haujafika. Unaobaki ni mpaka na Mauritania.

Kutoka 26° geuka magharibi hadi longitudo 12°, kisha kusini hadi Tropiki ya Kansa. Hapa rula inawekwa pembeni. Mpaka unapinda kuelekea magharibi na kuizunguka Sebkha ya Idjil, uwanda wa chumvi ambao Wafaransa waliung'ang'ania ubaki upande wao. Chumvi ya Idjil ilikuwa ikisafirishwa kwa misafara ya ngamia tangu zamani, na hakuna sababu nyingine ya mpinda huo. Ukishaipita Idjil, fuata longitudo 13° kuelekea kusini hadi latitudo 21°20′, halafu magharibi tena hadi kwenye rasi ya Ras Nouadhibou. Rasi yenyewe imepasuliwa kwa urefu wake: upande wa mashariki, wenye mji wa Nouadhibou, ni Mauritania; upande wa bahari kuu, wenye mahame ya Lagouira, ni Sahara Magharibi. Ncha ya kusini iko 20°46′.

Pwani ichore kwa mkono, ukiunganisha nukta: Boujdour (26°08′, 14°29′), Dakhla (23°41′, 15°57′), halafu ncha ya rasi. Usiisahau ghuba ya Dakhla, kwa kuwa mji umekaa juu ya ulimi mwembamba wa ardhi wa kilomita 40 hivi. Ukipima kwa rula kutoka juu hadi chini utapata sentimita 17, yaani kilomita 860, ilhali vitabu vinasema pwani ina kilomita 1,110. Vyote ni sahihi. Rula yako imeruka ghuba na rasi.

Sasa hakiki. Sentimita moja ya mraba kwenye karatasi yako ni kilomita za mraba 2,500. Umoja wa Mataifa unatumia kilomita za mraba 266,000 kwa eneo lote, kwa hiyo hesabu miraba: unatakiwa kupata kati ya 104 na 108. Ukipata 94 hivi, umeikata kona ya kaskazini-mashariki kwa mshazari badala ya kushuka na kugeuka. Ukipungukiwa na miraba mitano hivi, angalia mpaka wa kaskazini, maana kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuandika 27°40′ kama 27.40. Dakika 40 ni theluthi mbili za nyuzi, kwa hiyo desimali yake ni 27.67. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwenye ardhi ni kilomita 30 kwa 444, zaidi ya kilomita za mraba 13,000 zilizopotea.

Wanaochora kwa kompyuta wana mtego wao. Longitudo zote hapa ni za magharibi, kwa hiyo kwenye jedwali zinapewa alama ya kutoa. Ukiisahau, Laâyoune (27°09′, 13°12′) itatua Libya. Na kabla ya kutumia faili la mipaka lililopakuliwa bure, lifungue uone lina poligoni gani. Baadhi yanachora mipaka ya kisheria, mengine yanachora hali iliyopo, na kwenye haya ya pili "Sahara Magharibi" inabaki kipande chembamba cha mashariki tu. Jina ni lilelile, umbo ni jingine. Kwenye hifadhidata za kimataifa itafute kwa msimbo EH, ESH au namba 732.

Kwa kulinganisha, usiseme tu "eneo kubwa". Ni kubwa kidogo kuliko Uganda, yenye kilomita za mraba 241,000, na ni kama robo na ushei ya Tanzania.

Tuta

Kalamu ya rangi ya pili, kahawia, ni ya tuta. Vyombo vingi vya habari huandika "ukuta", na msomaji akafikiria zege. Ni tuta kweli, la mchanga na mawe, kimo chake meta mbili tatu, lenye vituo vya jeshi, rada na mabomu ya ardhini yaliyotegwa kulifuata. Moroko ililijenga kwa awamu kati ya 1980 na 1987, kila awamu ikisogea mbele na kumeza ardhi zaidi. Urefu wake wote unakaribia kilomita 2,700, na hizo zinazidi safari ya barabara ya Dar es Salaam hadi Mwanza kwenda na kurudi.

Kwenye skeli hii huwezi kulichora kila kona. Weka kwanza nukta za Smara (26°44′, 11°40′), Guelta Zemmur (25°08′, 12°22′) na Awserd (22°33′, 14°20′). Tuta linapita mashariki ya zote tatu, kisha linapinda kuelekea pwani ya kusini karibu na Guerguerat, kivuko cha kuingilia Mauritania. Upande wa pili, mashariki yake, weka Tifariti (26°09′, 10°34′) na Bir Lehlou (26°21′, 9°34′). Magharibi ya tuta inatawaliwa na Moroko, kama asilimia 80 ya eneo. Mashariki, asilimia 20 hivi, Polisario inaiita ardhi iliyokombolewa na Moroko inaiita eneo la kinga. Hesabu miraba tena: upande wa mashariki uwe na 21 hivi.

Makubaliano ya kijeshi yaliyofuata usitishaji vita wa 6 Septemba 1991 yaliweka ukanda wa kilomita 5 mashariki na kusini ya tuta ambamo askari wa upande wowote hawakuruhusiwa, na kanda za vizuizi za kilomita 30 kila upande. Kilomita 5 kwenye karatasi yako ni milimita moja. Usijaribu kuichora, iandike kwenye ufunguo wa ramani. Na uandike "kwa mujibu wa makubaliano ya kijeshi yaliyofuata usitishaji vita wa 1991", kwa kuwa 13 Novemba 2020, baada ya jeshi la Moroko kuingia ukanda huo hapo Guerguerat, Polisario ilitangaza kwamba usitishaji vita umekwisha.

Kosa la kuchukiza zaidi ni kuchora tuta kama mpaka wa kimataifa. Hakuna mkataba wowote wa mpaka unaolitaja.

Lagouira ina mambo yake. Iko magharibi ya mpaka wa Mauritania, kusini ya mwisho wa tuta, na wanaoilinda ni askari wa Mauritania ingawa Mauritania iliachana na madai yake tangu Agosti 1979. Ipake rangi ya tatu au iache nyeupe, lakini usiiunganishe na upande wa Moroko.

Majina mawili, mahali pawili

Kambi tano za wakimbizi karibu na Tindouf, Aljeria, zimepewa majina ya miji ya nyumbani: Laâyoune, Awserd, Smara, Boujdour na Dakhla. Kuna pia Rabouni, ambako ofisi za Polisario zipo. Kwa hiyo taarifa ya "mafuriko Dakhla" inaweza kuwa ya mji wa pwani wenye pweza na mashua, au ya kambi iliyoko jangwani kilomita nyingi kutoka baharini. Mvua kubwa za Oktoba 2015 zilizobomoa nyumba za matofali ya udongo zilikuwa za kambini. Andika "mji wa Dakhla" au "kambi ya Dakhla", kila mara, hata kama inachosha.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna tatizo la ziada. Wasahrawi huita kila kambi *wilaya*, na ndani yake mna *daira* kadhaa. Ni neno letu hilohilo kutoka Kiarabu, lakini kwao wilaya ni ngazi ya juu, kama mkoa, na daira ndiyo iliyo karibu na wilaya yetu. Ukinakili "wilaya ya Smara" bila maelezo, msomaji wa Morogoro ataelewa kingine kabisa. Andika "kambi".

Miji ina tahajia mbili, ya Kihispania na ya Kifaransa: El Aaiún na Laâyoune ni mji mmoja, Villa Cisneros ni jina la kikoloni la Dakhla. Chagua moja, itumie hadi mwisho, na nyingine iweke mara moja mwanzoni kwa ajili ya anayetafuta. Majina ya majimbo mawili ya zamani yanaeleweka kwa urahisi kwetu kuliko kwa Wazungu. Río de Oro, kwa Kiarabu *Wadi adh-Dhahab*, ni bonde la dhahabu lisilo na dhahabu. *Saguia el-Hamra* ni mfereji mwekundu, korongo la kaskazini ambalo hupitisha maji mvua ikinyesha. Herufi za mwisho za POLISARIO zimetokana na majina hayo mawili. Chama hicho kiliundwa 10 Mei 1973.

Kuhusu sura ya nchi, usikae sana. Mvua haifiki milimita 50 kwa mwaka sehemu nyingi. Mkondo wa bahari wa baridi huleta ukungu na kuifanya pwani iwe ya ubaridi kuliko bara. Sebkha Tah, karibu na mpaka wa kaskazini, iko meta 55 chini ya usawa wa bahari. Ila chunga picha: sehemu kubwa ya eneo ni tambarare ya changarawe na mawe, na kusini-mashariki ni Tiris yenye vilima vya mawe meusi vilivyosimama kimoja kimoja. Yale matuta marefu ya mchanga wa rangi ya chungwa yanayopachikwa kila makala ni ya Merzouga, ndani ya Moroko, mamia ya kilomita kutoka hapo. Matuta ya mchanga yapo kweli karibu na Laâyoune, lakini ni yale yenye umbo la mwezi mchanga, mafupi, yanayohama na upepo na kufukia barabara.

Watu

Hapa ndipo pa kutulia. Idadi zote zinazozunguka mtandaoni ni za watu tofauti.

Sensa ya Hispania ya 1974 ilihesabu Wasahrawi 73,497. Iliwahesabu waliopatikana ndani ya eneo wakati huo. Waliokuwa na mifugo ng'ambo ya mipaka, au waliokimbilia Tarfaya (Moroko) na Mauritania miaka ya nyuma, wengi hawamo.

Tume ya Umoja wa Mataifa, MINURSO, ilipoandikisha wapiga kura wa kura ya maoni, iliwahoji waombaji 198,469 na kuwakubali 86,386 kufikia mwanzoni mwa 2000. Hao ni watu wazima tu, na ni waliothibitishwa kuwa na asili ya eneo, wawe Laâyoune au kambini. Si idadi ya wakazi. Rufaa zilikuwa zaidi ya 130,000, na kura yenyewe haijapigwa hadi leo. Ukiona makala inasema "Sahara Magharibi ina watu 86,000", mwandishi amechukua daftari la kura akaliita sensa.

Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya miaka hii yanakaribia 590,000. Hao ni wanaoishi ndani ya eneo, na idadi kubwa miongoni mwao ni Wamoroko waliohamia tangu 1975 pamoja na watoto wao. Usiandike "Wasahrawi 590,000". Moroko haichapishi mgawanyo wa Wasahrawi na wahamiaji, kwa hiyo asilimia yoyote utakayoikuta ni kadirio la mtu, na huyo mtu lazima umtaje.

Sensa za Moroko zina manufaa, mradi ujue zinavyogawa ardhi. Mwaka 2014 mkoa wa Laâyoune-Sakia El Hamra ulikuwa na watu 367,758, na Dakhla-Oued Ed-Dahab 142,955. Jumla 510,713. Kabla ya kuiandika jumla hiyo, rudi kwenye ramani yako: jimbo la Tarfaya limo ndani ya mkoa wa kwanza, na mji wa Tarfaya uko kaskazini ya 27°40′, yaani Moroko isiyo na mgogoro. Upande mwingine, sehemu ya ardhi ya Sahara Magharibi kaskazini-mashariki imewekwa kwenye mkoa wa Guelmim-Oued Noun. Mikoa ya Moroko imechorwa makusudi bila kuufuata mpaka. Kwa hiyo andika "mikoa miwili ya Moroko ambayo sehemu kubwa yake imo Sahara Magharibi", usiseme "Sahara Magharibi ina watu 510,713".

Takwimu za miji hazina shida hiyo. Laâyoune ilikuwa na 217,732, Dakhla 106,277, Smara 57,035, Boujdour 42,651. Zijumlishe: 423,695, sawa na asilimia 83 ya watu wa mikoa yote miwili. Hivyo msongamano wa "watu wawili kwa kilomita ya mraba", unaopatikana kwa kugawa 590,000 kwa 266,000, ni hesabu sahihi isiyomwonyesha mtu yeyote. Watu wako mijini, na kati ya mji na mji ni barabara tupu.

Kambini pia namba zinapishana kwa sababu. Aljeria husema 165,000. Tathmini ya mashirika ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2018 ilikadiria 173,600. Ile 90,000 ya miaka ya nyuma ilikuwa idadi ya walio katika hali ngumu zaidi, iliyotumika kupangia misaada, na haikuwa hesabu ya wakazi wote. Shirika la Mpango wa Chakula hutaja migao zaidi ya 133,000 kwa mwezi. Mgao ni mgao, si mtu aliyehesabiwa. Na kamwe usizijumlishe namba za kambini na 590,000 ili kupata "jumla ya watu wa nchi". Kambi ziko Aljeria, kwenye takwimu za Aljeria.

Kwa maelezo ya watu wenyewe: lugha ni Hassaniya, Kiarabu cha wafugaji kinachosikika pia Mauritania. Kambini lugha ya pili ni Kihispania. Upande wa Moroko Kifaransa kimeshika ofisi. Makabila yanayotajwa sana ni Reguibat, Tekna, Oulad Delim na Oulad Tidrarin, na koo zake zinavuka mipaka yote mitatu, jambo lililofanya uandikishaji wa MINURSO uchukue miaka. Nyumba ya jadi ni *khaima*. Ndiyo hema yetu, neno ni moja.

Uchumi

Anza kwa kufuta pato la mwaka. Dola milioni 906.5, na dola 2,500 kwa kila mtu, zimenakiliwa maelfu ya mara, na zote ni makadirio ya Marekani ya 2007. Gawa ya kwanza kwa ya pili upate watu 362,600, ulinganishe na idadi ya leo uone imechakaa kiasi gani. Benki ya Dunia haina safu ya Sahara Magharibi kabisa. Uchumi wa magharibi ya tuta umo ndani ya hesabu za Moroko, unatumia dirham, na unabebwa na ruzuku na misamaha ya kodi ya Rabat pamoja na mishahara ya serikali na jeshi. Wa kambini unatumia dinari ya Aljeria na kutegemea misaada, fedha za jamaa walioko Hispania, mbuzi na maduka madogo. Ni chumi mbili. Ziandike kwa aya mbili.

Fosfeti ndiyo inayojulikana zaidi. Anayeijua mbolea ya Minjingu anajua ni jiwe gani hili. Machimbo ni Bou Craa (26°19′, 12°51′), akiba iligunduliwa 1947 na uchimbaji wa kibiashara ulianza 1972, bado enzi za Hispania. Mawe husafirishwa kwa mkanda wa mashine wa kilomita 100 hivi hadi bandari ya Laâyoune. Kwenye karatasi yako ni sentimita 2, na kwa picha za setilaiti unaonekana kama mstari mweupe kwa sababu ya vumbi linalopeperushwa na upepo upande wa kusini-magharibi. Mwendeshaji ni Phosboucraa, kampuni tanzu ya OCP, shirika la fosfeti la Moroko. Kosa la kawaida ni kusema "Sahara Magharibi ina akiba kubwa kuliko zote duniani". Akiba hiyo kubwa ni ya Moroko. OCP husema Bou Craa ni asilimia 2 hivi ya akiba inayoimiliki. Mzigo wake umeshawahi kukamatwa, na kisa hicho kinafaa kutajwa: Mei 2017 meli ya NM Cherry Blossom ilizuiwa Port Elizabeth ikiwa na tani zaidi ya 50,000, na mwaka uliofuata mahakama ya Afrika Kusini ikaamua kwamba mzigo ni mali ya Jamhuri ya Sahrawi, dola iliyotangazwa na Polisario.

Samaki wana thamani isiyotajwa vya kutosha. Upepo husukuma maji ya juu kutoka pwani, maji baridi yenye rutuba hupanda, na sadini huja kwa wingi. Pweza wa Dakhla huuzwa Ulaya na Japani. Chini ya makubaliano ya uvuvi ya Umoja wa Ulaya na Moroko yaliyoanza 2014, zaidi ya asilimia 90 ya samaki walivuliwa kwenye maji ya Sahara Magharibi. Kwa hiyo takwimu ya "samaki wa Moroko" mara nyingi ni takwimu ya huku. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya imetoa hukumu 2016, 2018 na 4 Oktoba 2024; za mwisho zilithibitisha kubatilishwa kwa makubaliano ya biashara na uvuvi kwa kukosa ridhaa ya watu wa eneo hilo, na hukumu nyingine ya siku hiyohiyo ikasema matikiti na nyanya za huko ziandikwe asili ya Sahara Magharibi.

Nyanya hizo hukuzwa kwenye vitalu nyumba karibu na Dakhla kwa maji ya chini ya ardhi yaliyojikusanya zama za kale na yasiyojazwa na mvua. Ukiandika kilimo, andika na maji. Mbali na hayo kuna mitambo ya upepo, kama Foum el Oued (megawati 50) na Aftissat (200), bandari mpya ya Dakhla inayojengwa, na barabara ya N1 inayobeba malori ya matunda na mboga kupitia Guerguerat hadi Mauritania na Senegal.

Hadhi na sentensi zake

Tarehe za lazima si nyingi. Eneo limo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya maeneo yasiyojitawala tangu 1963. Tarehe 16 Oktoba 1975 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema haikuona uhusiano wa enzi kati ya ardhi hiyo na Moroko wala Mauritania, ingawa ilitambua kuwapo kwa utii wa baadhi ya makabila kwa sultani. Nakili nusu zote mbili. Kila upande hunakili nusu moja. Tarehe 6 Novemba Wamoroko 350,000 hivi waliandamana kuvuka mpaka, na 14 Novemba Hispania ikatia saini Makubaliano ya Madrid na Moroko na Mauritania. Jamhuri ya Sahrawi ilitangazwa 27 Februari 1976 hapo Bir Lehlou. MINURSO iliundwa kwa azimio 690 la 29 Aprili 1991. Azimio 2797 la 31 Oktoba 2025 liliuchukua mpango wa Moroko wa kujitawala kwa ndani kuwa msingi wa mazungumzo. Halikusema eneo ni la Moroko, ingawa vichwa vya habari vingi vilisoma hivyo.

Afrika Mashariki ina nafasi yake ya kweli humu, na msomaji wako ataitafuta. Mfalme Hassan II wa Moroko alikubali wazo la kura ya maoni kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Nairobi, Juni 1981. Moroko ilijitoa kwenye umoja huo Novemba 1984, mkutano uleule uliomfanya Nyerere mwenyekiti, na ilirudi Januari 2017. Tanzania iliitambua Jamhuri ya Sahrawi 1978. Kenya ndiyo ya kuandika kwa uangalifu: iliitambua 2005, ikaja kuyumba zaidi ya mara moja, Septemba 2022 ujumbe wa Rais Ruto wa kufuta utambuzi ulichapishwa kisha ukaondolewa, na Mei 2025 serikali yake ikaunga mkono mpango wa Moroko. Burundi ilifungua ubalozi mdogo Laâyoune 2020, na Kongo ya Kinshasa ikafungua Dakhla mwaka huohuo. Mahakama ya Afrika, Arusha, ilitoa hukumu 22 Septemba 2022 ikisisitiza haki ya Wasahrawi ya kujiamulia, bila kuzitia hatiani nchi zilizoshtakiwa. Kwa kuwa misimamo hubadilika kama wa Kenya, usiandike "nchi 84 zinaitambua": hesabu ya namna hiyo huchanganya zilizowahi kuitambua na zinazoitambua leo. Andika nchi moja moja pamoja na mwaka.

Sentensi zako zitie kwenye mzani. "Kusini mwa Moroko" ni lugha ya Rabat. "Koloni la mwisho la Afrika" ni lugha ya Polisario. Kinachosimama ni "Dakhla, mji wa Sahara Magharibi unaotawaliwa na Moroko", au "Tifariti, mashariki ya tuta, chini ya Polisario". Kwenye safu ya mji mkuu andika Laâyoune kuwa mji mkubwa zaidi, kisha useme kwamba Jamhuri ya Sahrawi inaudai kuwa mji mkuu wake na ofisi zake ziko Rabouni. Safu ya sarafu ijaze mbili. Ikiwa jedwali la gazeti lako haliruhusu zaidi ya jibu moja kwa kila safu, ifute safu hiyo.

Chini ya ramani, kwa herufi ndogo, andika chanzo cha mpaka, mwaka wa kila namba, na maneno haya: "mstari wa kahawia ni tuta la kijeshi, si mpaka". Kisha mpe mwenzio asiyejua habari hizi akuonyeshe kwa kidole wapi ni Aljeria. Akikosea, mpaka wako wa kilomita 41 umechorwa mwembamba mno, ukolezee.